Kunguru feki wa kuvuta na kunguru feki wa kufukuza: nilivyokosea giza mbili nzima kwenye vichanja vya dagaa

Mwanamwalo
Mwangaluka wana jukwaa, wakubwa shikamooni. Niko Igombe huku Ilemela, Mwanza, familia yetu inaanika dagaa tangu mzee wangu yuko hai, na wenzangu wa mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inaposhusha mzigo, habari ya kunguru wanaijua hawahitaji kusimuliwa. Giza likiingia, yaani zile siku za mwezi ambazo usiku hauna mbalamwezi, mitumbwi inakesha ziwani na taa, inarudi alfajiri, dagaa inamwagwa kichanjani jua halijachomoza vizuri na wao wako tayari juu ya mwembe wanasubiri. Wangekuwa wanakula tu nisingeandika huu uzi. Wanatembea juu ya dagaa, wananyea, wanaparura mpaka inamwagika chini, na dagaa ikishashika mchanga bei yake sio ile tena, mzigo wa Kongo unakataliwa pale pale unabaki na wa chakula cha kuku.

Sasa nilichofanya. Mwaka jana nikaagiza kunguru wawili wa plastiki kutoka Dar, weusi tii, wanang'aa kama kiatu kipya. Akili yangu ilikuwa inaniambia kama shamba la mtama unaweka sanamu ya mtu ndege wakaogopa, basi kwenye dagaa nikiweka sanamu ya kunguru mwenzao wataogopa pia. Nikawasimamisha juu ya kichanja mmoja kila upande. Siku ya kwanza hawakushuka kweli, walizunguka wanapiga kelele mpaka saa tatu asubuhi wakaondoka. Nikamwambia mama tumepona. Siku ya pili wakashuka wanne. Siku ya nne walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona kwenye kichanja chetu, na mmoja kasimama ubavuni kabisa kwa yule wa plastiki anakula taratibu hana wasiwasi na mtu.

Nikawabadilisha sehemu, nikawaongeza, nikashona na wengine wa kitambaa. Hivyo hivyo. Giza mbili nzima nimepoteza, yaani nilikuwa nawaalika mimi mwenyewe na mama akawa analipa vijana wa kuwafukuza kwa fimbo kutwa nzima.

Nilikuja kuelewa siku nimekaa kwenye kivuli cha mtumbwi nawaangalia tu bila kufanya chochote. Kunguru akiwa angani haulizi kama hiki ni kitu halisi ama feki, anasoma mkao. Kunguru aliyesimama juu kimya anawaambia wenzake hapa salama, mimi nachunga. Aliyeinama kichwa chini mkia juu anawaambia kuna msosi. Na mimi nilikuwa nimewawekea wote wawili, mlinzi na mlaji, juu ya dagaa ya mama yangu. Ndo maana walikuja.

Kwaiyo feki wapo wa aina mbili na kazi zao zinapingana. Yupo wa kuvuta na yupo wa kufukuza. Ukiwachanganya sehemu moja hupati kitu. Nitaendelea kueleza nilivyowatengeneza upya kwa mikono, wa dukani niliwaacha.

Nyakato Juu
Mkuu manati tu. Mbona unajitesa

Mwanamwalo
Nyakato Juu, manati tumetumia miaka. Kwanza jiwe likikosa linaangukia dagaa au kichwa cha mama wa kichanja cha pili, mwaloni kule tumebanana. Pili kunguru anaijua manati, ukiinama tu kuokota jiwe ameshasogea mita 20, ukisimama kawaida hana habari na wewe. Unamfundisha umbali, basi.

Mama Wawili Kayenze
Mwanangu Mwanamwalo umenigusa, mimi naanika Kayenze mwaka wa 11 huu. Sisi tulishawahi kutundika kunguru aliyekufa kwenye mti, tulimkuta amekufa mwenyewe, ilikuwa ajabu, walikuja wote wakalia kama msiba wakazunguka wakaondoka na siku kama nne tano hatukuwaona. Lakini yule ndege alioza akatoa harufu na nzi wakahamia kwenye dagaa ikabidi tumzike. Hebu eleza huyo wa kufukuza unamtengenezaje maana wa kweli hatutaki tena.

Mwanamwalo
Shikamoo mama. Huyo wenu ndo mfano wenyewe, mlifanya kitu sahihi kabisa kasoro kuoza tu. Hata Marekani kuna sehemu wanatumia njia hiyo hiyo kuhamisha kunguru wanaolala kwa maelfu kwenye miti ya mjini, wananing'iniza maiti ya kunguru au sanamu yake kichwa chini.

Wa kufukuza natengeneza hivi. Mwili nachonga kwenye fomu, zile boksi nyeupe za kupakia samaki, zilizovunjika zinatupwa tu pale Kirumba unaokota bure. Urefu toka mdomo mpaka mkia uwe sentimita 46 mpaka 50, hapo ndo kunguru wetu alipo. Ukimfanya mdogo wanamuona njiwa. Kichwa nafunga na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili kilegee kining'inie, kichwa kikikaza anaonekana mzima. Mabawa ni turubai jeusi kuukuu, nakata bawa moja limekunjuka lote, la pili nusu, yaani yasilingane. Mkia turubai pia. Halafu natundika kwa miguu, kichwa chini, kwa mshipi wa nailoni juu ya fito ndefu inayosimama pembeni ya kichanja, azunguke na upepo.

Sasa rangi, hapa watu wengi wanakosea na mimi nilikosea. Kunguru wetu wa huku Kanda ya Ziwa sio mweusi wote. Ana nyeupe kifuani inapanda inazunguka shingo mpaka nyuma kama amevaa shati jeupe na koti jeusi. Wale wa Dar na Zanzibar ni wengine, wembamba, shingo ya kijivu, hao asili yao India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wakaenea pwani nzima. Na hawa weusi watupu wa dukani ni sura ya kunguru wa Ulaya na Marekani. Ukimtundika mweusi mtupu huku kunguru anamtazama kama kitu kigeni, anashangaa siku moja halafu anazoea. Nilipopaka nyeupe kwenye kifua na shingo tofauti niliiona asubuhi ile ile. Walimtambua. Kelele zilikuwa nyingine kabisa, na hakuna aliyeshuka.

Fundi Mabatini
Mwanamwalo rangi gani umetumia? Maana rangi ya mafuta inang'aa hata ukiikoroga vipi

Mwanamwalo
Fundi, rangi ya ubao wa darasani. Ile nyeusi ya kupaka ubao, haing'ai hata jua la saa sita. Lakini kwenye fomu usipake moja kwa moja, baadhi ya rangi za mafuta zinaitafuna fomu inayeyuka kama sukari. Mimi kwanza nafunika na gazeti na uji wa unga wa ngano matabaka mawili, inakauka, ndo napaka. Nyeupe natumia ile ya maji ya ukutani.

Fundi Mabatini
Safi. Niongezee kitu basi. Ukikosa rangi ya ubao saga mkaa uwe unga laini, paka gundi ya mbao juu ya mwili, nyunyizia mkaa ikiwa mbichi, ikikauka pangusa unaobaki. Inatoka nyeusi imekufa kabisa ina vinyweleo kama manyoya. Mvua itaitoa lakini kiangazi inakaa vizuri. Na ukipata kandambili za zamani zile nyeusi, nzuri kwa mdomo na miguu, unachonga kwa wembe, hazivunjiki kama fomu.

Mwanamwalo
Wabeja sana fundi, hii ya mkaa sikuijua, naijaribu.

Buswelu Boy
Kwanini usiweke bundi? Niliona video wazungu wanaweka bundi wa plastiki kunguru wanakuja kumshambulia mpaka wanajisahau

Mtu wa Boksi
Buswelu Boy ni kweli, mimi niko Marekani mwaka wa tisa na jirani yangu ni muwindaji wa kunguru, nimeenda naye porini mara kadhaa. Niwape picha kidogo maana Mwanamwalo umegusa kitu ninachokiona huku.

Huku kunguru ana msimu wake wa kuwindwa, sheria ya taifa zima inasema kila jimbo lisizidi siku 124 kwa mwaka, na hairuhusiwi kwenye kilele cha msimu wa kutaga. Wanatumia bunduki za marisau. Kunguru na bundi ni maadui wa kudumu kwasababu bundi mkubwa anawakamata usiku wakiwa wamelala, kwaiyo mchana wakimuona wanaitana wote wanamzomea. Basi jamaa anaweka bundi feki sehemu wazi kwenye mti mkavu, feki wa kunguru wawili watatu juu karibu naye kama wanamzomea, halafu anapiga sauti ya kunguru wakigombana na bundi. Wao wamejificha chini na nguo za rangi ya majani mpaka uso umefunikwa. Kunguru wanakuja kwa hasira hawaangalii chini.

Mpangilio wa pili ni wa chakula. Feki kama kumi na mbili shambani, wengi wameinama, na mmoja au wawili juu ya mti. Wa juu ndo muhimu, jamaa hakubali kuanza bila mlinzi juu. Anasema kundi lisilo na mlinzi linaonekana la uongo. Na wa dukani wote anawafanyia kazi upya, anatoa mng'ao, wengine anawabandika unga wa manyoya ya nailoni, wengine anawafunga bawa la kitambaa lenye kamba anavuta akiwa mafichoni. Anasema feki mmoja anayetikisika anashinda kumi waliotulia.

Kwaiyo hicho alichokiona Mwanamwalo cha mkao ni hicho hicho wanachoongea huku kwenye maduka ya uwindaji.

Mwanamwalo
Mtu wa Boksi asante sana kaka, kwa kweli hiyo ya mlinzi wa juu imenithibitishia.

Ila habari ya bundi ndugu zangu naomba tuongee vizuri. Buswelu Boy wewe ni wa huku, unajua. Mimi nilimtengeneza bundi, karatasi na uji, macho nikaweka vifuniko vya soda nimevipaka manjano, alitoka vizuri kabisa. Nikamuweka kwenye fito nyuma ya nyumba jioni nimjaribu asubuhi. Bibi wa jirani akamuona saa moja usiku. Hakusema kitu kwangu, alimwambia mama. Na mama akaniita ndani akaniambia mwanangu, hapa tuna bibi watatu wazee, mtoto wa mtu akiugua wiki hii watasema bundi alionekana kwa nani? Na atakayenyooshewa kidole sio wewe uliyemtengeneza.

Nilimtoa usiku ule ule nikamchoma. Usukumani tumeshazika bibi zetu kwa maneno ya namna hii, wengine kisa ni macho mekundu tu ya moshi wa kuni. Dagaa haina thamani ya kumuweka bibi kwenye hatari. Anayeishi sehemu ambayo hilo halipo atumie bundi, ila mwaloni kwetu hapana, na nakuomba hata wewe Buswelu usiweke.

Buswelu Boy
Nimekuelewa kaka. Sikuwaza hilo. Siweki

Mama Wawili Kayenze
Umefanya vizuri sana mwanangu, Mungu akubariki na mama yako pia.

Mwalimu Magu
Habari za wakati huu. Nafundisha baiolojia sekondari, naomba nichangie kwenye akili ya ndege huyu maana inahusiana moja kwa moja na feki kuzoeleka.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, walivaa vinyago wakati wa kukamata kunguru wachache wakawafunga pete wakawaachia. Baadaye kila aliyepita pale na kinyago kile kile kunguru walimzomea, miaka imepita bado wanazomea, na hata kunguru ambao hawakukamatwa wakawa wanazomea, wamejifunza kwa wenzao. Wakivaa kinyago kingine hawana shida nao.

Maana yake kwetu ni kwamba sura yako ni sehemu ya feki zako. Kunguru wakikuona kila asubuhi wewe mwenye shati la bluu ndo unamtundika yule maiti, wanajifunza kuwa maiti ni kitu chako, inakuwa kama kofia yako. Atundike mtu mwingine, au afanye hivyo usiku.

Na yule wa kwetu mwenye kifua cheupe ni jamii ile ile ya kunguru, akili sioni sababu ya kuwa pungufu.

Mwanamwalo
Mwalimu shikamoo, hii imenifungua. Mimi nilikuwa natundika saa kumi na mbili asubuhi wananiona. Sasa natundika usiku nikirudi kupokea mitumbwi, na namtoa saa nane mchana dagaa ikishakauka na kufunikwa. Hakai siku nzima. Na siku mbili natundika, siku moja simtundiki naweka vijana, kisha namtundika upande mwingine. Sijawahi kumuacha siku tatu sehemu moja tena.

Ila nisiwadanganye, peke yake bado hatoshi. Anapunguza. Wale vijana wawili wa fimbo sasa ni mmoja.

Sengerema Mkulima
Mimi shida yangu sio dagaa ni vifaranga. Kunguru wamenimaliza, kuku anatotoa 12 wiki ya pili nina wanne. Nataka kuwakamata kabisa sio kuwatisha. Mmoja kaniambia niweke sumu kwenye utumbo wa samaki imalize kazi

Mwanamwalo
Usiweke sumu ndugu yangu, nakuomba kabisa. Utumbo unabebwa. Kunguru anaokota anaenda kudondosha kwenye kisima, kwenye uwanja wa shule, kwenye kichanja cha mtu. Mbwa atakula, mwewe atakula, na mtoto anaokota kila kitu. Huku tunauza chakula cha watu.

Kukamata inawezekana na hapo ndo feki wa kuvuta anapofanya kazi yake, ila anza na ofisi. Kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa, sheria ya wanyamapori ya 2009 ipo, usije ukasema ni kunguru tu nani atajali. Mimi nilienda kwa afisa wanyamapori wa wilaya nikaeleza hasara yangu, kwa mdomo na kwa barua, nikasubiri, nikapewa utaratibu wa kufuata. Ilichukua muda lakini nikawa nafanya kitu changu mchana kweupe.

Mtego wenyewe ni banda la waya wa kuku, langu mita 3 kwa 2, kimo unasimama ndani. Paa linabonyea katikati kama herufi V na kwenye ule mfereji wa katikati kuna ngazi imelala, vipande vya mbao vimepishana. Kunguru akija anatua juu ya ngazi, anaona chakula chini, anakunja mabawa anadondoka kati ya vipande. Kutoka anataka kuruka na mabawa yamekunjuka, hapiti. Nafasi ya kwangu kati ya kipande na kipande ni sentimita 17 hivi, nilianza na 25 wakawa wanatoka, nikapunguza. Dar mitego ya namna hii imetumika sana kwa wale wa shingo ya kijivu.

Wa kwanza ndo mgumu kuingia. Banda jipya hawaliamini. Akishaingia mmoja wengine wanafuata maana wanamuona mwenzao yuko ndani anakula. Basi kabla hujapata huyo wa kwanza unamuweka feki.

Sengerema Mkulima
Feki wangapi na unawapangaje? Nipe kwa undani mkuu nina muda, tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe 2025 Mwanza nakuja na kurudi siku hiyo hiyo, hata kuona nitakuja

Mwanamwalo
Karibu sana Igombe. Mimi naweka watano. Watatu ndani chini wameinama, mmoja juu ya ukingo wa paa amesimama anatazama nje, na mmoja kwenye fito ndefu kama mita 10 pembeni, huyo ndo mlinzi, juu kuliko wote. Wale wa ndani usiwabananishe, kunguru anayekula kwa amani anaacha nafasi, wakibanana inaonekana wanagombana. Hatua moja kubwa kati ya mmoja na mwingine inatosha.

Upepo uangalie sana. Kunguru anatua akiwa anaukabili upepo, na akiwa chini hapendi upepo umpulize kwa nyuma unamfumua manyoya. Feki wote waangalie unakotoka upepo. Na huku ziwani upepo unageuka, alfajiri unatoka nchi kavu unaenda ziwani, kuanzia mchana unatoka ziwani unakuja nchi kavu. Mimi nilikuwa nawapanga saa kumi na mbili vizuri, saa saba wote wanaangalia kinyume na kunguru wa kweli waliopo chini. Niliona wanazunguka juu mara mbili wanaondoka. Sasa kila feki nimemuweka juu ya msumari mmoja wa inchi 6 uliochomekwa kwenye kigingi, tumboni nimeweka kipande cha bomba la maji jembamba, anazunguka mwenyewe. Mkia wa turubai mpana unafanya kazi ya kumgeuza, upepo ukihama na yeye anahama. Hii ndo kazi ninayoipenda kuliko zote nilizofanya kwenye hizi feki, nilikaa jioni nzima nawaangalia wanavyogeuka.

Mmoja wa ndani ana mshipi. Kichwa nimekiunga kwa bawaba ya mpira wa baiskeli, mshipi unapita chini ya mchanga mpaka kwenye kibanda, mita 25. Navuta anadonoa. Usivute mfululizo. Donoa mara tatu nne, tulia, hesabu mpaka thelathini, donoa mara mbili.

Fundi Mabatini
Mabawa ya wa kuvuta je? Lailoni nyeusi ingepepea vizuri zaidi ya turubai

Mwanamwalo
Lailoni ya mifuko tuachane nayo, ilipigwa marufuku Juni 2019 na ikikatika inaishia ziwani, hatutaki. Na pia inang'aa. Wa kuvuta hana haja ya mabawa ya kupepea, mabawa yamekunjwa yamelala mgongoni. Bawa linalopepea chini ni ndege aliyenaswa, unarudi kwenye kufukuza bila kujua.

Mtu wa Boksi
Vipi sauti, unatumia? Nikutumie hizi rekodi za huku

Mwanamwalo
Nilijaribu kupakua za Marekani kabla, kunguru wa huku waligeuza shingo wakasikiliza basi. Lugha sio yao. Wa kwetu sauti yake ni nzito kidogo na anaikokota. Nikaenda Kirumba mwaloni asubuhi nikarekodi kwa simu wakati wanagombania utumbo wa sangara, dakika tatu tu, nikaweka kwenye spika ndogo ya blutuu nikaifunika na gunia chini ya mtego. Hiyo ndo iliyoleta wa kwanza. Aliingia siku ya tatu saa moja na robo asubuhi, nakumbuka kwasababu nilikuwa na kikombe cha chai mkononi nikakiweka chini polepole nisitikise kitu.

Mwalimu Magu
Na huyo wa kwanza unamfanyaje? Naomba hili lisipitwe haraka.

Mwanamwalo
Sawa mwalimu. Akishaingia feki wa ndani nawatoa wote usiku, maana yeye sasa ndo anaita, na akikaa na feki muda mrefu anawagundua na anaanza kuwakimbia, walio nje wanaona. Ana maji masafi kila siku kwenye beseni pana aweze kuoga, ana chakula, ana kivuli cha makuti juu ya kona moja, na ana fito ya kulalia. Siwezi kumuacha ndege juani bila maji eti kwasababu ni mwizi. Mtego unakaguliwa asubuhi na jioni kila siku bila kukosa, na siku nasafiri naziba ngazi kwa ubao. Yangeyange ameshaingia mara mbili na mwewe mara moja, wote niliwaachia pale pale. Kuwatoa navaa koti la mvua na barakoa na kofia pana, baada ya maneno yako mwalimu, na gloves kwasababu ya magonjwa ya ndege maana nyumbani tuna kuku. Wanaozidi afisa mifugo wa kata alinionyesha namna ya kuwamaliza haraka bila mateso, nazika kwa kina mbali na maji. Hiyo kazi siipendi na siifanyi mbele ya watoto.

Nyakato Juu
Nimesoma yote. Nafuta neno langu la manati. Swali, korongo je? Wale wakubwa wenye upara wa Kirumba

Mwanamwalo
Korongo hana habari na feki yoyote niliyotengeneza. Yule anataka uzio na usafi, utumbo ukizagaa yupo. Na kwa kunguru ni hivyo hivyo, mwalo wenye utumbo umezagaa hata ungeweka feki mia hupati kitu.

Sengerema Mkulima
Kwa vifaranga niweke mtego karibu na banda la kuku?

Mwanamwalo
Hapana, mbali. Feki wa kuvuta wanavuta kweli, usirudie kosa langu la kichanjani. Mtego uwe hata mita 200 kutoka kwa kuku, upande ambao kunguru wanatokea asubuhi, na kwenye banda la kuku hapo ndo umtundike maiti feki kichwa chini. Yaani huku wanaambiwa hapana na kule wanaambiwa karibu. Na vifaranga wiki nne za kwanza wafungie kwenye tenga, hilo halina mbadala.

Mama Wawili Kayenze
Mwanangu narudi kutoa mrejesho. Kijana wangu ametengeneza wawili wa kutundika kwa maelezo yako, kwa fomu na ile rangi ya ubao, shati jeupe ametumia chokaa. Tumemaliza giza jana. Siku za kwanza tatu walilia tu juu hawakushuka, ya nne walishuka kidogo tukahamisha, wakaondoka tena. Ila mmoja upepo wa mchana ulimkata kamba akaangukia juu ya dagaa kifudifudi, na nilipokuja kunguru sita wako kichanjani wanakula pembeni yake.

Mwanamwalo
Hapo mama alikuwa ameinama anakula kwa macho yao. Msitumie mshipi mmoja, fungeni miwili, na juu mweke kile kizunguzungu cha chuma wanachotumia kwenye ndoano za sangara ili kamba isijisokote, inakatika kwasababu ya kujisokota. Kinauzwa pale pale kwenye maduka ya nyavu. Giza lijalo nikija Kayenze nitaleta viwili nikufungie mwenyewe.

Mama Wawili Kayenze
Karibu mwanangu, uje na mama.